Misalaba ya soko Uingereza enzi za kati: nitaitambuaje?

Njiapanda: Wadau, vijiji vingi vya Uingereza vina misalaba ya mawe, mingine imebaki ngazi na kipande cha nguzo tu. Nitajuaje kama huu ulikuwa wa soko? Na soko lilihitaji msalaba wa nini?

Mzee wa Hati: Anza na hati, jiwe baadaye. Haki ya kuendesha gulio la kila wiki kwa kawaida ilitolewa na mfalme kwa bwana wa eneo au kwa abasia (nyumba kubwa ya watawa), na hati hutaja siku yenyewe. Halafu tazama mahali. Sheria ya Winchester ya mwaka 1285 ilikataza magulio kwenye viwanja vya makanisa, kwa hiyo msalaba wa soko utafute nje ya ukuta wa kanisa, pale njia zinapopanuka.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuonyesha wazi kwamba hapa ndipo soko halali. Matangazo yalisomwa juu ya ngazi zake. Mlanguzi aliyewavizia wakulima njiani na kununua mzigo kabla haujafika sokoni alitozwa faini, kwa sababu alikwepa ushuru na kupandisha bei ya chakula.

Fundi Mawe: Naongeza kwamba yenye paa ni ya mijini zaidi: Malmesbury, wa mnamo 1490, na Chichester, uliojengwa 1501 na Askofu Edward Story kwa ajili ya wauzaji maskini. Kijijini zilitosha ngazi; wanawake walipanga siagi na mayai juu yake, ndiyo maana mingine inaitwa msalaba wa siagi.

Njiapanda: Mbona mingi haina kichwa?

Fundi Mawe: Vichwa vyenye sanamu vilivunjwa na Waprotestanti wakali, ule wa Cheapside, London, ulibomolewa wote mwaka 1643. Ila watu waliendelea kukusanyika sokoni: sheria ya 1653 iliruhusu ndoa zitangazwe hapo kwa siku tatu za soko.

Kama mnakarabati, angalieni kiungo cha chini. Nguzo ilichongwa ulimi, ukaingia kwenye tundu la jiwe la kitako, kisha madini ya risasi yaliyoyeyushwa yakamiminwa kuziba nafasi. Waliokuja baadaye wakatia vyuma. Chuma kikishika kutu huvimba na kulipasua jiwe. Saruji nayo hufungia maji ndani, yakiganda wakati wa baridi uso wa jiwe unabanduka. Tumieni chokaa, na pini ziwe za chuma kisichoshika kutu.