"WA SUPU MKAE KULE NYUMA": Leo nimeng'olewa kwenye kiti changu Sinza kisa branchi, kile chakula cha asubuhi na mchana kwa pamoja

Mzee wa Ndimu:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Hasira ni nusu, nusu nyingine ni njaa, maana mpaka saa hizi sijatia kitu tumboni.

Pale mnapajua. Pale kona, zamani mabati na mabenchi, sasa hivi wamepiga rangi nyeupe na kuning'iniza maua ya plastiki. Na yeye mnamjua. Alikuwa anatukatia ndimu huku anatuamkia mmoja mmoja, siku hizi katia kidude sikioni kama mlinzi wa rais. Simtaji. Anajijua.

Nimefika saa nne asubuhi, nimekaa pangu, chini ya feni. Nikaagiza ninachoagizaga Jumapili zote: makongoro, chapati mbili, ndimu, pilipili isiogope. Jamaa akanikagua kuanzia kandambili mpaka kofia, akasema kwa sauti, watu wanasikia: "Mzee, huku ni kwa wateja wa branchi. Wa supu mkae kule nyuma."

KULE NYUMA. Mnajua nyuma kuna nini? Kuna jenereta. Kuna mitungi ya gesi. Kuna kuku wa kienyeji wanaosubiri hukumu. Ndiyo majirani alionichagulia.

Na meza zilikuwa tupu! Ukumbi mzima kulikuwa na wadada wawili wanapiga picha juisi.

Nikasema nipe hiyo menyu nione chakula cha malaika. Mkate wa tosti na parachichi, 18,000. Kipande kimoja! Parachichi limepondwa, juu wamerushia ufuta, kwisha. Mayai mawili, soseji na maharage ya kopo, 22,000. Chini kabisa, kwa herufi za kusomea tochi: bei haijumuishi VAT. Kwa hiyo ongeza 18%, hako kamkate kanafika 21,240. Chai ya maziwa 6,000, na ni chai ile ile, sufuria ile ile, anaipika mama yule yule. Nimemuona dirishani, kanipungia mkono kwa aibu.

Wa supu! Mimi nakula pale tangu Mwendokasi haijaanza. Nimevumilia chapati za juzi, nimevumilia makongoro yenye kwato nzima, sijawahi kufungua mdomo. Leo sina hata jina, mimi ni "wa supu", nipelekwe kwenye jenereta.

kipara_ngoto:
Pole mzee. Sasa ulihamia nyuma au hukuhamia?

Mzee wa Ndimu:
Nimenyanyuka nikaondoka.

kipara_ngoto:
Na supu?

Mzee wa Ndimu:
NIMESEMA SIJALA.

Binti Tabata:
Huyo huyo aliniuliza mimi kama nimekuja kula au "naangalia angalia tu". Nina mtoto mgongoni na nimeshalipia pankeki! Na hizo pankeki msidanganyike, ni chapati za maji zimemwagiwa asali. Za kwangu zilikuwa tatu, moja imeungua, wameificha katikati.

Fundi Rangi:
Hiyo rangi nyeupe nimepaka mimi. Mpaka leo sijamaliziwa hela yangu. Kila nikienda naambiwa bosi yuko safari. Mzee, ungeikwangua kwa kucha wakati unatoka.

JiraniWaPale:
Tuwe wakweli jamani. Huyu mzee namjua. Anaagiza bakuli moja saa nne, anaondoka mpira wa jioni umeisha. Maji anakuja nayo kwenye chupa yake. Ndimu anaomba mara sita. Ningekuwa mimi ningemweka ng'ambo ya barabara.

Mzee wa Ndimu:
Ndimu ni haki ya mteja wa supu. Na hata kama, JENERETA?

JiraniWaPale:
Umekubali mwenyewe kuwa ni mteja wa supu. Kesi imeisha.

msomi_mlimani:
Tuweke kumbukumbu sawa. Hii branchi aliipigia debe Mwingereza mmoja, Guy Beringer, kwenye makala yake ya 1895. Hoja yake ilikuwa kwamba waliokesha kwenye starehe Jumamosi waachwe walale, wale Jumapili wakiwa wamechelewa, chakula kimoja kizito.

kipara_ngoto:
Kwa hiyo ni ya kuzimua. Makongoro hayo hayo ila yana ufuta.

Binti Tabata:
😂😂 Mzee ndiye mteja halisi wa branchi, wale wadada wa juisi ndio walitakiwa kule nyuma.

mwana_kisauni:
Sisi huku Mombasa Jumapili ni mahamri na mbaazi za nazi. Wanunua, wafungiwa, warudi kwako walia na watoto. Nyinyi mwataka kukalishwa chini ya feni, ndio mwatukanwa.

Mangi Mstaafu:
Mbaazi asubuhi mnaziwezaje? Asubuhi ni mtori, mzito, nyama imelegea, unashiba mpaka kesho. Hapo Sinza kuna mmoja anauza mtori wa unga wa ngano, nikija kumkamata mtasikia kwenye taarifa ya habari.

choo_kwanza:
Mimi kwangu shida ni choo chao. Ufunguo wameufunga kwenye mwiko. Unapita katikati ya watu wanaokula, umeshika mwiko, kila mtu anajua unaenda wapi. Halafu ukiomba risiti ya EFD unaambiwa mashine haina mtandao. VAT yenyewe lakini inakatwa bila mtandao.

Fundi Rangi:
Huo mwiko nao nimeupaka mimi. Haujalipiwa.

mkulima_njombe:
Ngoja kwanza. Kipande cha mkate na parachichi 18,000? Kwa hela hiyo huku Njombe unaondoka na ndoo imejaa na mtu wa kukubebea mpaka stendi.

Binti Tabata:
Ndugu wa Njombe, unatuma Dar?

mkulima_njombe:
Natuma kwa basi dada, nauli ya mzigo juu yako.

Mzee wa Ndimu:
Jamani turudi kwenye mada. Mtu mzima nimeambiwa mbele za watu nikakae na kuku.

kipara_ngoto:
Tumekusikia mzee, kula kwanza. Njombe, unazo Hass au zile kubwa za kienyeji?

mkulima_njombe:
Zote. Hass ndiyo zinazokimbiliwa na wanaopeleka nje, ganda gumu, zinavumilia safari. Za kienyeji ukichelewa stendi unapokea uji.

tukuyu_damu:
Parachichi ni Rungwe. Njombe mmeanza juzi mnajitangaza.

mkulima_njombe:
Juzi gani? Njoo uone mashamba.

Mangi Mstaafu:
Parachichi ndani ya mtori mmewahi kujaribu?

tukuyu_damu:
Mangi toka hapa. Binti Tabata, usikimbilie Njombe, njoo inbox nikupe bei ya gunia.

Binti Tabata:
Gunia zima niweke wapi? Nataka kumi. Fundi Rangi, tugawane?

Fundi Rangi:
Nikilipwa.