Gari la ufunguo janja kwa mama mwenye maumivu ya viungo: nichukue au niache?

Msafiri_wa_Alfajiri

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwa mafundi umeme wa magari na waliokaa na magari haya muda mrefu.

Mama yangu ana ugonjwa wa viungo, vidole vimeanza kupinda. Kuendesha anaendesha vizuri, macho mazima na barabarani katulia. Kinachomtesa ni ufunguo. Kuuzungusha kwenye swichi ni maumivu, na asubuhi vidole vikiwa vimekakamaa hata kubonyeza rimoti ni kazi. Sasa tumepata gari lililotumika, hali yake nzuri, la ufunguo janja: ufunguo unabaki kwenye mkoba, akigusa kishikio mlango unafunguka, akikanyaga breki na kubonyeza kitufe injini inawaka. Alipolijaribu uso wake ulibadilika. Sijamwona na furaha ile siku nyingi.

Kaka yangu kakataa katakata. Anasema magari haya huibwa usiku bila hata kioo kuvunjwa, mwizi anakuja na kifaa, dakika moja kaondoka nalo. Na kwetu gari litalala nje, karibu na mlango wa mbele, hatuna banda.

Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kuna namna mama abaki na urahisi huu bila kumfungulia mwizi mlango?

Fundi_Waya

Kaka yako hajakosea, lakini amesimulia nusu tu. Ngoja nieleze linavyofanya kazi ili muamue mkijua.

Ukigusa kishikio, gari hutoa wimbi la masafa ya chini, takriban kilohezi 125 hadi 134, ambalo halifiki mbali, mita moja au mbili tu. Ufunguo ukilisikia huamka na kujibu kwa masafa ya juu, kwa kawaida megahezi 315 au 433 kutegemea soko ambalo gari lilitengenezewa. Jibu lina msimbo uliofichwa. Gari likiukubali, linafungua. Kasoro iko hapa: gari linahakiki msimbo, halihakiki umbali. Linadhani kwamba kama ufunguo umesikia, basi uko karibu.

Wezi hucheza na dhana hiyo. Huwa wawili. Mmoja anasimama na antena karibu na mlango au dirisha la nyumba, mwingine yuko kwenye gari. Wimbi la gari linarushwa hadi kwa ufunguo ulio ndani ya nyumba, jibu linarudishwa. Msimbo hauvunjwi, unapitishwa tu kama ulivyo. Ndiyo maana kuambiwa kuwa msimbo wa gari ni mgumu hakusaidii kitu hapa. Mwaka 2011 watafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, walichapisha majaribio yao kwa magari ya aina 10 kutoka kwa watengenezaji 8, na yote yalifunguka na kuwaka kwa njia hii.

Injini ikishawaka haizimiki hata ufunguo ukibaki nyumbani. Gari hupiga kelele ya onyo tu, maana kuzima injini katikati ya barabara kungeua watu. Mwizi anajua hilo.

Kitasa

Dawa ni moja: pochi ya kuzuia mawimbi. Ufunguo ndani ya pochi, kazi imeisha.

Nanga

@Kitasa, ukiweka ufunguo kwenye pochi mchana kutwa mama atalazimika kuutoa kila anapofika kwenye gari. Umerudisha mateso yaleyale ya vidole. Pochi ni ya usiku, na si lazima iwe pochi. Kopo la bati lenye kifuniko kinachobana vizuri nalo linazuia, mradi mlijaribu: weka ufunguo ndani, funga, sogeza kopo hadi kwenye mlango wa gari na uguse kishikio. Ukifunguka, kopo halifai. Pochi nazo zijaribiwe hivyo hivyo kila baada ya muda, kwa sababu kitambaa cha ndani chenye nyuzi za chuma huchakaa kwenye mikunjo na kwa macho huoni.

Na ufunguo wa akiba! Watu wanaficha ule wanaoutumia, wa akiba unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Kwa mwizi hakuna tofauti.

Msafiri_wa_Alfajiri

Ahsante Nanga, kopo lenye kifuniko chepesi mama ataliweza. Lakini niulize, kuuweka ufunguo chumba cha ndani kabisa hakutoshi?

Fundi_Waya

Kunasaidia, hakutoshi. Wale watafiti waliweza kuuamsha ufunguo kutoka umbali wa hadi mita 8 wakitumia kikuza mawimbi. Mlango wa mbao na kioo havizuii kitu. Uweke mbali na kuta za nje, na uweke kwenye kopo.

Kabla ya hapo angalia kama ufunguo wa gari hilo una kihisi cha mwendo. Funguo za miaka ya karibuni nyingi zinacho: ukiuacha umetulia mezani kwa muda mfupi unalala, haujibu chochote hadi utikiswe. Hiki kwa mama yako ni bora kuliko pochi yoyote, maana hafanyi kazi ya ziada. Kupima ni rahisi. Weka ufunguo juu ya paa la gari, usiuguse kwa dakika kama kumi, kisha gusa kishikio. Mlango ukikataa, kihisi kipo. Ukikubali, hakipo.

Kama hakipo, soma kitabu cha gari. Baadhi hukuruhusu kuulaza ufunguo kwa mkono. Kwenye Toyota nyingi unashikilia kitufe cha kufunga huku ukibonyeza cha kufungua mara mbili, taa ndogo ya ufunguo inawaka mara nne, basi umelala. Ukibonyeza kitufe chochote unaamka. Ila hapo ni vidole tena, labda wewe umfanyie usiku.

Mkaguzi_Mstaafu

Nimefanya kazi ya kukagua madai ya bima ya magari miaka mingi, na naomba niseme jambo ambalo kaka yako atalipinga.

Ufunguo wa chuma si ngome. Marekani kuna magari mengi ya Hyundai na Kia, matoleo ya takriban 2011 hadi 2021, yaliyouzwa bila imobilaiza, yaani kifaa kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo halali. Vijana walivunja jalada la usukani, wakatumia kichwa cha waya wa USB kuzungusha swichi, na mbinu ikasambaa mitandaoni kuanzia 2021 hadi wizi ukawa janga kwenye miji mizima. Yaliyoibwa hivyo yalikuwa ya ufunguo wa kuzungusha. Matoleo ya kitufe kutoka kampuni hizo hizo yalikuwa na imobilaiza, kwa hiyo mbinu ile haikuyagusa.

Kwa hiyo unapolinganisha, usiishie kwenye ufunguo. Uliza gari lina nini nyuma yake. Gari kuukuu la ufunguo wa chuma lisilo na imobilaiza ni jepesi kuibwa kuliko hili mnaloliogopa. Tofauti ni kwamba lile linaacha alama. La ufunguo janja linatoweka kimya, kioo kizima, na mwenye gari anaulizwa maswali mazito kana kwamba ndiye aliyelitoa. Nimewaona watu waaminifu kabisa wakihojiwa kwa namna iliyoniumiza. Ndiyo maana nasisitiza: funguo zote mbili zihifadhiwe, na kabla ya kusaini bima uulize kwa maandishi wanadai nini kwa gari la aina hii. Baadhi ya kampuni hutaka kifaa cha ziada cha ulinzi.

Kitasa

Mkuu, mimi bado naona izimwe kabisa hiyo ya kugusa kishikio. Magari mengi yanaruhusu kwenye mipangilio. Unabaki na rimoti ya kubonyeza na kitufe cha kuwashia.

Tumaini_la_Viungo

@Kitasa, nakuheshimu, lakini wewe vidole vyako vinafanya kazi. Mimi nina ugonjwa huohuo wa mama wa mleta uzi. Kitufe kidogo cha rimoti kinahitaji ncha ya kidole gumba na nguvu, na siku mbaya sina vyote viwili. Kishikio nakigusa kwa nyuma ya mkono. Kwangu hii si starehe, ndiyo inayofanya niende hospitali mwenyewe bila kumsubiri mtu. Tukiambiwa "zima tu" tunaambiwa tubaki nyumbani.

Dada au kaka mleta uzi, mnunulie mama gari. Ila mambo mawili kutoka kwangu. Betri ya ufunguo, ile ya duara, nyingi ni CR2032, ibadilishwe kabla haijaisha, kila mwaka ikibidi. Ikifa, mlango unafunguliwa kwa kile kiufunguo cha chuma kilichofichwa ndani ya rimoti, na kukichomoa na kukizungusha ni mtihani kwa mikono yetu. Kuwasha si shida: kwenye magari mengi unausogeza ufunguo hadi uguse kitufe, chipu iliyo ndani inapata nguvu kutoka kwa gari lenyewe. Nyumbani pawe na mtu mwingine anayejua hili.

La pili, injini hizi ni kimya. Mtu anashuka na mkoba wake akidhani amezima. Marekani watu kadhaa wamekufa kwa gesi ya sumu ya moshi wa injini (kaboni monoksidi) baada ya gari la kitufe kuachwa likiunguruma kwenye banda lililoungana na nyumba, wengi wao wazee. Nyinyi gari linalala nje, lakini akienda kwa ndugu wenye banda? Tafuteni lenye kujizima lenyewe baada ya muda, na azoee kuangalia dashibodi imezimika kabla hajafungua mlango. Na kama ana kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, aulize daktari wake kuhusu antena za gari.

Msafiri_wa_Alfajiri

Tumaini, umenigusa. Ahsante sana. Nimemsomea mama ujumbe wako, amesema nikushukuru kwa niaba yake. Hana kifaa cha moyo.

Kaka naye amesoma. Anauliza: ufunguo ukilala kwenye kopo, basi gari haliibiki?

Fundi_Waya

Linaibika, ila si kwa njia hiyo. Nitakuwa mkweli. Kuna wizi usiogusa ufunguo hata kidogo. Mwaka 2022 Toyota RAV4 iliibwa London, na mwenyewe ni mtafiti wa usalama wa magari. Yeye na mwenzake walichunguza wakakuta mwizi alifikia waya za mawasiliano za gari kupitia taa ya mbele, akachomeka kifaa kilichofichwa ndani ya spika ndogo ya bluetooth, kikaliambia gari kwamba ufunguo halali upo. Walieleza yote hadharani mwaka 2023. Njia nyingine ni tundu la OBD chini ya usukani, lile ambalo fundi huchomeka mashine ya kupima gari: mwizi akiingia ndani anaweza kusajili ufunguo mpya kwa mashine.

Kwa hiyo kopo ni la kuziba mlango mmoja. Mlango mwingine unazibwa na kitu ambacho hakitegemei redio wala kompyuta ya gari. Kufuli la usukani ni zuri na linaonekana kwa mbali, lakini ni zito, kwa mama yako sikushauri. Ningemwekea swichi ya siri mahali anapofika kwa kiganja. Wengi huiunga ikate umeme wa pampu ya mafuta. Mimi napendelea ikate umeme wa waya wa kuamuru stata, kwa sababu waya ukilegea mkiwa barabarani injini haitazimika, itakataa tu kuwaka safari ijayo. Kama ni haibridi isiyo na stata ya kawaida, usimruhusu fundi kubahatisha, atafutwe anayezijua. Baadhi ya magari yana namba ya siri ya kuwashia kwenye skrini. Kama hilo linayo, iwashwe.

Nanga

Kuna magari mapya yenye UWB, aina ya redio ya masafa mapana sana, yanapima muda ambao wimbi linachukua kwenda na kurudi. Wimbi husafiri takriban sentimita 30 kwa nanosekunde moja, hivyo kulipitisha mbali kunaonekana kama kuchelewa. Hilo linatibu kasoro yenyewe. Ila uulize kama kipimo hicho kinatumika kweli kuzuia mlango. Mwaka 2024 watafiti wa Beijing walifungua Tesla Model 3 yenye chipu hiyo kwa mbinu ileile ya kupitisha mawimbi, kwa sababu umbali ulikuwa haujaanza kuhakikiwa.

Msafiri_wa_Alfajiri

La kwetu ni la zamani kidogo, UWB halina. Nimelifanyia jaribio la paa, mlango ulifunguka, kwa hiyo kihisi hakuna. Tumeelewana na kaka: kopo usiku kwa funguo zote, swichi ya siri ya stata upande wa kushoto wa kiti, na betri mpya. Kugusa kishikio kunabaki.

Swali la mwisho. Muuzaji ana ufunguo mmoja, anasema mwingine ulipotea. Kuna neno?

Mkaguzi_Mstaafu

Kuna neno kubwa. Msilipe kabla hilo halijatatuliwa. Huo "uliopotea" ukiwa mfukoni mwa mtu, kopo halina kazi, atagusa kishikio na kuingia kama mama yako anavyoingia. Lipelekeni gari kwa fundi mwenye mashine, asome funguo ngapi zimesajiliwa kwenye gari, azifute zote, asajili upya ule mlio nao pamoja na mpya wa akiba. Gharama yake ipunguzwe kwenye bei ya gari.

Fundi_Waya

Naunga mkono. Na akishafuta, omba asome tena mbele yako. Zionekane mbili tu. Kumbuka pia kwamba kiufunguo cha chuma cha ule uliopotea bado kinafungua kitasa cha mlango, kwani kufuta msimbo hakubadilishi chuma. Mwambie abadilishe na silinda ya mlango wa dereva.