Umeme wa neva: mkono wa baba utashika patasi tena?

Mwana wa Langoni: Asalaam aleikum. Baba ni fundi wa kuchonga milango hapa Lamu, yuko miaka ya sabini. Kiharusi kilimpiga mwaka juzi. Nyundo anaishika, lakini patasi nyembamba ya kuchongea maua inamponyoka, na hilo ndilo linalomuuma. Nasikia kuna umeme wa kuchochea neva. Utamfaa?

Mama Viungo, Malindi: Wa aleikum salaam mwanangu. Neva hiyo ni vagasi, ile ndefu itokayo ubongoni ikapita shingoni. Hupachikwa kifaa chini ya ngozi ya kifua, waya ukafika shingoni kushoto. Jambo kubwa ni wakati: kitufe hubonyezwa pale pale mkono unapofanya tendo, umeme wa nusu sekunde unapita, ubongo unalishika tendo lile. Bila mazoezi, hakuna kitu. Utafiti wa 2021 katika jarida la Lancet, watu 108 wa Marekani na Uingereza: karibu nusu ya waliochochewa walipata nafuu ya maana, dhidi ya robo hivi ya waliofanya mazoezi bila kuchochewa. Marekani iliidhinisha Agosti mwaka huo. Vile vya sikioni visivyo na upasuaji bado vinachunguzwa.

Bahari Njema: Kaka, usimbandike mzee mashine za mtandaoni shingoni! Daktari auangalie moyo kwanza.

Mwana wa Langoni: Shukran. Na kwa sasa, nyumbani?

Mama Viungo, Malindi: Mpe patasi yenyewe, mpini uuneneshe kwa kitambaa, na ubao laini. Mistari mifupi, kila siku, apumzike kabla hajachoka. Usimchongee wewe.