Eti askofu wa Masasi ndiye aliyempa Hugh Masekela tarumbeta? Babu anakomaa

mjukuu_wa_kusini
Wakuu habari za jioni. Juzi nilikuwa kijijini Masasi nikapiga muziki wa Hugh Masekela kwenye spika, babu akatoka ndani akauliza nani huyo anapiga, nikamwambia ni Msauzi mmoja wa jazi, akasema namjua, tarumbeta la kwanza alipewa na askofu wetu hapa. Tukacheka mpaka bibi akatukataza. Mzee aliimba kwaya miaka ya 60 na hajawahi kuwa mtu wa fiksi, ila hii naona katupiga. Wajuzi wa jazi mnasemaje?

MzeeSanturi
Muombeni radhi babu yenu haraka. Anamsema Trevor Huddleston, Mwingereza, alikuwa askofu wa Anglikana Masasi kuanzia 1960 mpaka 1968. Kabla ya hapo alikuwa padri Johannesburg, akisimamia shule ya St Peter's, na Masekela alikuwa mwanafunzi pale, mtukutu kwelikweli. Dogo ana miaka kama 14 katoka kuona filamu ya mpiga tarumbeta, padri anamuuliza wewe unataka nini hasa maishani, akajibu nitafutie tarumbeta na sitasumbua mtu tena. Akatafutiwa, na mwalimu wa kumfundisha. Wenzake nao wakaanza kudai vyombo vyao mpaka ikawa bendi kamili ya shule. Baadaye padri akarudishwa Uingereza maana makaburu walishamchoka, akapita Marekani akakutana na Louis Armstrong, akamsimulia habari za wale vijana, Armstrong akawatumia tarumbeta lake mwenyewe! Ipo picha dogo karuka juu nalo mkononi, anacheka meno yote nje.

kinanda_mbovu
Babu 1 wajukuu 0 😂😂
Mi namjua kwa Grazing in the Grass tu, aliyoitunga ikakamata namba moja Marekani 1968.

MzeeSanturi
@kinanda_mbovu namba moja ni kweli, Julai 1968, ila hakuitunga yeye, ni ya Philemon Hou. Ukitaka kumjua Masekela mtunzi sikiliza Stimela. Yaani kale kagoma kanaanza taratibu, kengele inagongwa, halafu anaongea tu kama mtu anayesimulia, treni ya makaa inawabeba watu toka Malawi, Msumbiji, Zambia, Angola, kwenda kuchimba dhahabu Johannesburg, kisha anapiga honi ya treni kwa mdomo wake mpaka unasisimka mwili. Na hakuyasikia mbali hayo, kazaliwa 1939 Witbank, mji wa makaa ya mawe, bibi yake alikuwa anauza pombe na wateja wenyewe ndio hao wachimba migodi.

dada_wa_Kinshasa
Na msisahau 1974 Masekela na prodyuza wake Stewart Levine ndio walioandaa lile tamasha la Kinshasa, siku tatu, James Brown, Franco, Tabu Ley, na Miriam Makeba, mwimbaji Msauzi mwenzake. Lilitakiwa liende sambamba na pambano la Ali na Foreman, Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, ngumi zikasogezwa mpaka Oktoba 30, muziki ukapigwa hivyohivyo Septemba. Makeba mwenyewe alishakuwa mke wake, walioana 1964 wakaachana miaka miwili mbele, na bado wakaendelea kufanya kazi pamoja, Soweto Blues aliyoiimba Makeba ni utunzi wa Masekela.

kinanda_mbovu
Sasa huyu mbona kila mahali yupo, kwao alikaa lini?

MzeeSanturi
Alitoka 1960, mwaka wa mauaji ya Sharpeville, polisi wa makaburu waliua waandamanaji 69, akarudi 1990. Miaka thelathini hiyo. Mama yake akafariki yeye yuko ughaibuni. Miaka ya 80 akasogea jirani na kwao, akaishi Botswana, akiwa huko akaletewa barua ya heri ya kuzaliwa imetoka kwa Mandela gerezani, fikiria mfungwa ndiye anakutakia heri wewe uliye nje, ndipo akatunga Bring Him Back Home. Nako Botswana akaondoka baada ya jeshi la makaburu kuvamia Gaborone 1985.

mjukuu_wa_kusini
Nimempigia babu sasa hivi. Kaniuliza, "kwani mlidhani nimelewa?" halafu akauliza huyo kijana bado anapiga. Nikamwambia alifariki Januari 2018 kwa saratani ya tezi dume. Akanyamaza kidogo akasema basi mleteeni hiyo ya treni. Simu yake ni ya batani, nani ana Stimela ile ndefu ya jukwaani niiweke kwenye memori kadi, kuna mtu anashuka Masasi Ijumaa.