Makaburi ya nguzo Ras Mkumbuu: mgeni azuiwe kwa uzio au aachwe aingie?

Mtoto wa Chake

Assalaam alaykum waungwana. Naomba hoja, matusi yabaki huko huko.

Wengi mmeiona ile picha iliyozagaa kwenye simu: mgeni kashuka na boti Ras Mkumbuu, kapanda juu ya kaburi, kaikumbatia nguzo, anacheka. Tangu siku ile barazani kwetu kahawa hainyweki kwa amani. Wako wanaotaka pazungushwe uzio, mgeni atazame kwa mbali, apige picha yake, aondoke. Wako wanaosema ukiwazuia watu ndo umepazika kabisa.

Kwa asiyepajua: ni ncha ya rasi iliyotokeza baharini, magharibi ya Chake Chake, kisiwani Pemba. Pana gofu la msikiti mkubwa na makaburi yenye nguzo za mawe zilizosimama wima. James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale, alipachimba miaka ya 1950. Nguzo za namna hiyo si zetu peke yetu, ziko pwani nzima: Kaole, Kunduchi, Malindi, Takwa.

Mimi nasema mgeni aingie. Wenye kutaka uzio hawaishi kuitaja Stonehenge, lile duara la mawe makubwa ya kale kule Uingereza: mbona wenzetu wamefunga? Ni kweli, wamefunga. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mgeni anazunguka nje ya kamba, maana nyayo zilizidi hadi majani yakafa. Na zamani zaidi watu walikuwa wakibandua vipande vya mawe wakaenda navyo kwao. Lakini hao hao Waingereza, mwezi wa Juni, siku ambayo mchana ni mrefu kuliko siku zote, wanafungua bila kiingilio na maelfu ya watu wanaingia kati ya mawe kungojea jua. Siku nyengine vikundi vidogo vinalipia kuingia nje ya saa za kawaida, kwa sharti la kutogusa. Tena si mbali na hapo pana Avebury, duara la mawe kubwa kuliko lile la Stonehenge kwa mbali, kijiji kimo ndani yake, barabara inapita, kondoo wanakula majani chini ya mawe, na mtu anagusa atakapo. Nchi moja, mawe ya zama zinazokaribiana, taratibu mbili. Kila mahali walitazama kwanza ni kitu gani hasa kinachopaharibu.

Sasa Ras Mkumbuu kinachoharibu ni nini? Nyayo? Wageni wanaofika kule ni wa kuhesabika. Kinachoharibu ni mizizi, mvua, chumvi, na yule aliyekuja na gunia wakati hapana mtu. Makaburi mengi ya namna hii katika pwani yetu yana vitundu vya duara vilivyokuwa vimepachikwa sahani na bakuli za Kichina. Vitundu vipo, bakuli hamna. Uzio usio na mlinzi ni kamba ya kuanikia nguo tu. Aingie, alipe, afuatane na mtu wa kijijini, na kupanda juu ya kaburi iwe marufuku kwa mgeni na kwa mwenyeji.

Bi Mkubwa wa Wete

Mwanangu, umesema maneno mazuri lakini lililo kubwa umeliruka. Hayo mawe ya Uingereza, walioyasimamisha hakuna leo anayejua dini yao. Hawa wetu tunawajua. Ni Waislamu, wamelazwa kuelekea kibla. Kaburi halikanyagwi wala halikaliwi, hayo tulifundishwa chuoni kabla hatujaota meno ya pili. Wewe unazungumza habari ya jiwe linavyoharibika. Mimi sina haja na jiwe. Mimi nataka uzio kwa ajili ya aliyelala chini yake. Na huyo wa kijijini utakayempa kazi, mgeni akishuka na nguo ya kuogelea atamwambia nini? Atamwambia "welikamu", atapokea pesa, basi.

Papasi Mstaafu

Bi mkubwa, shikamoo. Nenda msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, ukaone. Kibla chake kina maandishi ya Kikufi, hati ya Kiarabu ya zamani, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na mpaka leo unaswaliwa. Mgeni anavua viatu, anajifunika, anaingia, anaangalia, anatoa chochote. Hajazuiwa na waya, kazuiwa na adabu, kwa sababu anawakuta wenyewe wamo ndani. Nimepeleka wageni pale miaka mingi, hata wale wabishi wanatulia.

Fundi Chokaa

Nyinyi mnagombana juu ya mlango, nyumba inaanguka. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe Unguja, ilipoporomoka Desemba 25, 2020 ilikuwa imefungwa kwa watazamaji miaka. Je, kufungwa kuliisaidia nini?

Lakini na wewe Mtoto wa Chake usifananishe. Nguzo kubwa za Stonehenge ni jiwe gumu, moja inapita tani 20. Yetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikana kwa chokaa, yakapakwa chokaa juu. Pitisha kiganja kwenye plasta ya zamani, utakitoa cheupe kama umeshika unga. Pale unapoegemeza mkono kujipigia picha, watu mia wakipaegemea, ule mfereji uliochorwa na fundi wa kale umefutika. Kwa hiyo kugusa hapana. Hapo nakubaliana na wenye uzio.

Na kubwa kuliko kugusa ni saruji. Kila anayetaka kuonekana anahifadhi, anakuja na mfuko wa saruji. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe, maji yakishaingia nyuma yake hayana pa kutokea, chumvi inakusanyika humo humo, na siku inapobanduka inaondoka na uso wa jiwe. Kazi hii inataka chokaa iliyochomwa vizuri, ikalowekwa muda mrefu, na mtu wa kuirejea kila baada ya masika. Nani atamlipa? Uzio haulipi fundi. Kiingilio kinaweza.

Mgeni kutoka Lamu

Naingilia kidogo. Takwa, kisiwa cha Manda, pana kaburi la nguzo vile vile. Watu wa Shela wanavuka kwenda kulizuru na kuomba mvua. Mji ulihamwa zamani, lakini kaburi halikuhamwa. Ukiweka uzio, na hawa utawapa tikiti?

Mjukuu wa Makunduchi

Huo ndo wasiwasi wangu na mimi. Tena msidhani Unguja ya kale inaanzia kwenye misikiti. Pango la Kuumbi, kusini huku kwetu, wachimbaji wamekuta alama za watu wa takriban miaka 20,000 iliyopita, wakati Unguja bado imeshikamana na bara. Hiyo Stonehenge mnayoisifu mawe yake yamesimamishwa kama miaka 4,500 iliyopita. Na Kuumbi watu bado wanaingia na ubani wao. Mimi siendi, lakini sitaki aje mtu na kofuli akawaambia wenyewe kuwa sasa hapa ni pa watalii.

Mtoto wa Chake

Bi mkubwa, marahaba kwa nasaha, ila moja nikupinge kwa heshima. Stonehenge nayo ilikuwa maziko. Wamefukua mifupa iliyochomwa ya watu wengi. Kwa hiyo suala la maiti wanalo na wao, tofauti ni kwamba hakuna mjukuu aliyebaki wa kuwasemea. Sisi tupo. Ndiyo maana nataka mtu wa kijijini awepo badala ya waya. La mavazi nakuachia wewe, sina hoja.

Fundi, la kugusa nimelikubali. Njia ipite kati ya makaburi, iwekewe mawe madogo pembeni, mguu usitoke nje yake. Wanaokwenda kusoma dua wasiulizwe kitu.

Mpenda Uzio

Mawe madogo pembeni! Yule aliyepanda kaburi kwa picha atasimamishwa na mawe madogo? Nipeni uzio na geti, funguo kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa, mengine tuzungumze baadaye.

Fundi Chokaa

Funguo kwa sheha sawa. Kitabu cha risiti je, akae nacho nani?

Bi Mkubwa wa Wete

Akae nacho mwanamke wa pale pale, na kila mwezi kisomwe mbele ya watu. Na kanga za kuwafunikia hao wageni wenu tutawakodisha sisi, kwa bei yetu.