Mita moja ya LUKU, vyumba vingi: kugawana sawasawa ni dhuluma

Ndugu zangu, nimechoka na ninasema wazi. Katika nyumba tuliyopanga hapa Sakina, Arusha, wapangaji wote tunatumia mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, na kila umeme unapokaribia kuisha mwenye nyumba hupita mlango kwa mlango akidai kiasi kilekile kwa kila chumba, bila kujali nani anatumia nini. Mama wa chumba cha pembeni, mwenye taa moja na simu ya kuchaji, analipa sawa na jirani mwenye friza ya biashara ya barafu na hita ya maji ya kuoga, na akichelewa kutoa anaitwa msumbufu mbele ya watoto wake.

Hita ya kuchovya kwenye ndoo, yenye wati 1,500, ikiwashwa saa moja tu inakula uniti moja na nusu. Taa ya wati 10, ikiwaka saa 10 kila usiku, inahitaji siku 15 kufikia hapo. Kwa baridi hii ya Julai, hita hiyo inawashwa alfajiri na jioni.

Linaloniuma zaidi ni bei. Mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hutozwa na shirika la umeme, TANESCO, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ilhali mita yetu, kwa kuwa imebeba nyumba nzima, inatozwa shilingi 292. Maana yake mama huyu anabebeshwa matumizi ya wengine, tena kwa bei iliyopandishwa na matumizi hayohayo! Kodi ya jengo nayo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU na ambayo ni wajibu wa mwenye nyumba, inamezwa humo humo kwenye mchango wetu, na ukiuliza unaambiwa asiyeridhika ahame.

Tumependekeza kila chumba kifungiwe mita ndogo, na gharama tuko tayari kuchangia. Taa za nje na pampu ya maji tugawane sawa, kwa kuwa hizo kweli ni za wote. Mwenye nyumba amekataa bila kutoa sababu. Basi angalau wenye friza na hita waandikwe na walipe fungu kubwa zaidi.

Mliowahi kufunga mita ndogo Arusha au Moshi, naomba mseme fundi alitoza kiasi gani na mlimshawishije mwenye nyumba. Kikao chetu ni Jumamosi, na sitatoa hata shilingi mpaka atuonyeshe ujumbe wa manunuzi wenye uniti na makato yote.