Fundi kapigilia paneli ya kabati la gemu kwa misumari na gundi, halafu ananiambia "ni vitu vya watoto tu"

Assalaam alaykum wakuu. Jambo hili linanikera tangu Ijumaa, leo naliandika lote.

Mie niko Wete, Pemba. Mimi na mdogo wangu tuliamua kutengeneza makabati mawili ya gemu za zamani, yale ya kusimama: kompyuta ndogo ndani, skrini juu, joistiki na vitufe mbele. Mambo ya umeme tulifanya wenyewe. Kazi ya mbao tukampa fundi mmoja wa Unguja ambaye kila mtu anamsifu kwa makabati ya nguo. Tukampa mchoro, vipimo vyote kwa milimita, tukatanguliza laki tano. Kabati la kwanza likavuka kwa boti. Ukilitazama toka mlangoni, zuri. Lisogelee sasa.

Mbao zake ni MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ya milimita 18. Seremala yeyote anayeishika MDF anajua kwamba uso wake mgumu lakini ukingo uliokatwa unanywa maji kama sponji. Ndiyo maana mchoro uliandika wazi: kingo zote zipakwe gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, ziachwe zikauke, zipigwe msasa, zirudiwe tena, ndipo rangi. Kazi ya mchana mmoja. Yeye kapaka rangi juu ya ukingo mkavu. Nyumba yetu inadekiwa kila asubuhi, na masika ya Pemba mnayajua, hata chumvi kwenye kopo inalowa. Ukingo wa chini umeumuka kama andazi. Nikiubonyeza kwa ukucha, ukucha unazama, na rangi inatoka kipande kizima kama ganda la yai.

Kwenye kingo za ubavuni tulitaka ule mkanda wa plastiki wenye umbo la herufi T, ambao ulimi wake unaingia katika mfereji uliochimbwa katikati ya unene wa ubao. Mfereji ule unatakiwa uwe na upana wa milimita 1.6 hivi, unachimbwa kwa ruta (mashine ya kuchimba mifereji kwenye mbao) yenye kisu chembamba, kisha mkanda unagongwa taratibu kwa nyundo ya mpira na ule ulimi unang'ang'ania wenyewe bila tone la gundi. Fundi hana kisu hicho. Sawa, si dhambi, angesema tungekitafuta. Yeye kapitisha msumeno wa umeme wa duara, ambao meno yake yanakula karibu milimita 3! Mkanda ukawa unacheza ndani kama jino la mtoto, akaujazia gundi ya viatu. Pembeni, pale ubao unapokata kona, ilitakiwa ulimi utolewe vipande vya umbo la V ili mkanda ujikunje. Hakutoa. Ukajikunja kwa nguvu, ukasimama juu, na sasa unajibandua wenyewe kila jua likipiga dirishani. Mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa, kachubuka mkono kwa mkanda ule.

Lakini hayo yote ningeyameza. Lililonitoa machozi ni paneli.

Paneli, ule ubao wa mbele wenye joistiki na vitufe, lazima iweze kutolewa. Hilo si pambo wala si anasa. Chini ya kila kitufe kuna mikroswichi, swichi ndogo inayobonyezwa na kitufe, na mikroswichi inakufa. Ni miongoni mwa vitu vinavyochakaa mapema kwenye mashine. Halafu gemu zenyewe hazifanani. Pac-Man ya 1980 inataka joistiki ya njia nne (juu, chini, kushoto, kulia tu), ukimpa ya njia nane anakwama kwenye kona. Street Fighter II ya 1991 inataka njia nane na vitufe sita kwa kila mchezaji. Kwa hiyo tulipanga paneli mbili za kubadilishana. Kwenye mashine nyingi za biashara za miaka ile paneli ilishikwa na komeo za ndani, mwenye mashine anafungua mlango wa sarafu, anaingiza mkono, anafyatua, paneli inanyanyuka. Mchoro wetu ulikuwa hivyo hivyo: mbele kipande cha mbao cha kuegemea, nyuma komeo mbili za kuvuta, zile zile za tranka la skuli. Darajani zimejaa!

Fundi kapaka gundi pande nne, akapigilia misumari kumi na moja. Nimeihesabu. Baadhi ameipiga kwenye ukingo wa MDF, na ukingo umepasuka kwa urefu.

Kitufe cha kuruka kilipokufa wiki ya tatu, nikaingiza patasi. Ubao ukang'oka matabaka, na waya sita zikachomoka kwenye saketi kwa sababu nilikuwa navuta nisichokiona. Nikampigia simu. Kanijibu: "Bwana mdogo, hivyo ni vitu vya kuchezea watoto, ndani nani atatazama?"

Nitatazama mimi! Mlango wa mfenesi uliochongwa na mababu zake bado unafunguka na kufungwa mjini, kwa sababu aliyeutengeneza alijua kuna mtu atakayeufungua kesho. Leo mtoto wa ufundi ule ule ananifungia kitu kwa gundi.

Wanaotaka kutengeneza, tafadhali: msikubali skrubu ya kutolewa na kurudishwa iingie kwenye ukingo wa MDF, mara ya tatu haishiki tena. Wekeni bolti na nati zenye meno zinazogongwa upande wa nyuma wa ubao. Waya za paneli ziishie kwenye soketi moja, na muache urefu wa kutosha ili paneli iweze kulala kifudifudi bila kuvuta kitu.

Kabati la pili bado liko kwake, halijafungwa paneli. Jumamosi navuka. Sidai laki tano zangu. Nachukua mbao zangu kama zilivyo, na komeo nitafunga mwenyewe. Aliye Unguja au Pemba mwenye ruta na kisu cha milimita 1.6 naomba aniandikie hapa hapa, nitamlipa kazi yake.